Kadi za Shughuli ya Zawadi

Kijiji kizima cha Masaki kinajua: ukimwambia Mwamini "haiwezekani," umemtukana. Faudhia alijua kuliko wote, maana Mwamini ni mama yake mdogo, na bado alimwambia.

"Mama mdogo, hizi karatasi za picha ni za printa ya wino wa maji. Yangu ni ya leza. Haiwezekani."

"Alaa! Mwanangu Zawadi, mwali wangu, anatoka ndani Jumamosi, halafu kadi za shughuli yake ziwe za karatasi ya mtihani? Wanicheke mjini na shamba?" Mwamini akaibamiza mezani pakiti aliyonunua Kibaha, karatasi zinang'aa unajiona meno. "Sema tu una choyo."

Choyo! Neno lile lilimchoma Faudhia. Printa ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ikifa, steshenari imekufa, arudi kuchoma mkaa. Aliingia chumba cha nyuma, akaleta pasi ya moto, akaiburuza juu ya karatasi moja. Ule mng'ao ukayeyuka, ukanata kwenye chuma, na duka likanuka plastiki.

"Printa yangu nayo inapiga pasi humo ndani," alisema. "Wino wake ni unga, haushiki bila moto. Ningeitia hii, tungekuwa tunaizika sasa hivi."

Mwamini akasonya. Kusonya kwake ndiko kukubali, ila mdomo aliuvuta mpaka sikioni.

Faudhia akapanda bodaboda hadi Kibaha, vumbi mpaka kwenye kope. Evance muuza karatasi akamletea ya kwanza iliyomjia mkononi. "Dada, karatasi ni karatasi tu."

"Kwako unayeuza. Nipe nzito, isiyoteleza, iliyoandikwa leza kwenye pakiti. Kama huna, sema nihame duka."

Evance akazitoa uvunguni mwa meza huku ananuna.

Jioni kadi ya kwanza ikatoka, ingali na joto. Mwamini aliipokea kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa. Karatasi ilikuwa nyeupe tu, imetulia. Ila katikati, kwa herufi nene nyeusi, ZAWADI, na ule wino ulioyeyuka ulikuwa unameta. Akaupitishia kidole gumba.

"Mbona linang'aa jina peke yake?"

"Kadi haitoki ndani, mama mdogo. Anayetoka ni Zawadi."

Machozi yakamlengalenga Mwamini. Kisha akapiga kigelegele mle mle dukani, mpaka wapita njia wakachungulia dirishani.