Chuo Kilivyoleta Posa Miyuji

Mwalimu Damyanti alikosea jambo moja tu: kumpa habari Shangazi Generosa badala ya kumpa baba mtu. Alipiga simu dukani kwa Kassamali, ambako nusu ya Miyuji ilipokelea simu zake, akaomba aitwe mzazi wa mwanafunzi wake Frida. Aliyekuwa pale akinunua chumvi ni Shangazi. Akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mwalimu akamweleza, kwa Kiswahili chake cha mtoto wa Dodoma mjini, kwamba chuo kimoja cha Kanada kimempenda Frida, na Jumamosi asubuhi kinamtuma mtu aje kumwona nyumbani, azungumze naye, aijue na familia.

"Kimempenda," Shangazi akarudia.

"Sana, mama."

"Na kinatuma mtu."

"Kijana mmoja anaitwa Brighton. Na yeye alisoma hukohuko."

Shangazi akarudisha simu, akaisahau chumvi kaunta, akaenda nyumbani kuitisha kikao.

Sasa msije mkamdhania mshamba. Generosa alipika miaka mingi kwenye chuo cha mifugo Mpwapwa, na alijua vizuri kabisa kwamba chuo ni majengo, hakioi wala hakizai. Ila hoja yake ilikuwa imenyooka. Ukimpenda binti wa watu, ukatuma kijana aje amwone kwao, na nia yako ni kumchukua umpeleke mbali, hiyo ni posa. Uwe una ndevu, uwe una maktaba, utaratibu ni uleule.

"Dada, hii wanaiita intavyuu," alisema Castory, baba yake Frida.

"Waiite wanavyotaka. Wanamchukua au hawamchukui?"

Castory alikuwa mtunza kumbukumbu Bungeni. Kutwa nzima aliandika maneno ya waheshimiwa, na jioni alirudi nyumbani akiwa hana hata neno moja lake mwenyewe. "Naafiki," akasema.

Frida alikuwa jikoni, akasikia yote. Hii ilikuwa nafasi yake pekee. Ufadhili wa chuo kile ulitolewa kwa mwombaji atakayeridhisha kwenye mazungumzo, na bila ufadhili, Kanada angeiona kwenye ramani tu. Alitaka kusomea miamba. Tangu mdogo aliokota mawe huko milimani nyuma ya Miyuji akayajaza uani, na Shangazi akayatumia kufunikia masufuria ya maharage.

Kwa mazungumzo hayo alikuwa ameandaliwa miaka miwili. Shule yake, Kilele International, ilifunguliwa wakati ule kila kitu kilipokuwa kinafunguliwa: mabaa, redio, makanisa, vyama. Kilele ilitarajia kila mwanafunzi aende ng'ambo, na getini kulikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa WALIOFIKA, ambao hadi siku hiyo haukuwa na jina hata moja. Mwalimu Damyanti aliwanoa kila alasiri. Mtazame mgeni machoni. Mpe mkono kwa nguvu. Jisifu bila haya. Ukiulizwa kasoro yako, taja kasoro yenye sifa ndani yake. Frida alichagua "najituma kupita kiasi." Darasa zima lilichagua hiyohiyo.

Shangazi naye akaanza kumnoa upande wake. Macho chini. Piga goti. Funga mdomo, wazee wapo. Kufika Ijumaa, maskini mtoto alikuwa anapiga goti huku anampa mtu mkono kwa nguvu, akitazama sakafu na kujisifu kimoyomoyo.

Jumamosi Brighton akaja, suti ya kijivu, tai, mkoba. Alikuwa kijana wa Tukuyu aliyeajiriwa kwenye mradi wa visima. Alitegemea kukuta binti, meza na viti viwili. Alikuta jamvi limetandikwa, Castory kavaa koti, majirani wawili wenye nyuso za msibani, na Kassamali katika kofia mpya, aliyejialika mwenyewe kwa kuwa posa ilipitia kwenye simu yake.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Mbukwa," wakaitikia, wakiongeza na salamu ya Kigogo.

"Nimemkuta Frida?"

Kassamali akakohoa kwa aibu. Shangazi akamtazama kijana kuanzia viatu hadi tai.

"Frida ndiye nani? Nyumba hii ina mabinti wengi." Haikuwa nao. Mabinti wengine walikuwa wa kuazima kwa jirani, wamepangwa mlangoni makusudi.

Brighton akalitazama jamvi, akawatazama wazee, na mwili wake ukaelewa kabla ya kichwa. Kwao Tukuyu alikuwa ametumwa kuwaposea kaka zake wote wawili. Akavua viatu, akakaa jamvini.

"Tumepita njia," akausikia mdomo wake ukisema, "tukaona ua zuri katika nyumba hii."

"Ahaa!" Shangazi akapiga kofi. "Kumbe kalelewa! Lakini sisi hapa hatufungui kinywa bure."

Brighton akapekua mkoba, akatoa kishikio cha funguo chenye jani jekundu la Kanada. Shangazi akakipokea, akakifunga kwenye pindo la kanga, na kinywa kikafunguka kweli.

"Huyo aliyekutuma, katika ukoo wao kuna wazimu?"

Brighton akafikiri. Hakutaka kusema uongo. "Kidogo, mama. Upande wa idara ya falsafa."

"Ana wengine, au huyu ndiye wa kwanza?"

"Anao maelfu. Wanaume kwa wanawake."

Jamvi zima likaguna. Mbavu za Kassamali zilikuwa zinamuuma kwa kuzuia kicheko.

"Na wote anawalisha?"

"Anawalisha. Ila chakula hakina chumvi."

"Anapiga?"

"Hapigi, mama. Anafelisha."

Castory alikuwa anaandika neno kwa neno, mazoea ya kazi. Nyuma ya pazia, Frida alikuwa anang'ata kucha. Alitamani kucheka na alitamani kulia. Saa yake ilikuwa inakwisha, na hakuna aliyemuuliza hata jina.

Ndipo Castory akaweka kalamu chini. "Naomba mwongozo," akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, siyo ya Bunge. "Wewe kijana, walipokuchukua, walikurudisha?"

Brighton akalegeza tai.

"Nilirudi, mzee. Ila mama nilikuta wameshamzika. Habari zilinifikia matanga yameshaanuliwa."

Shangazi akaanza kunyoosha pindo la jamvi ambalo lilikuwa limenyooka. Mama yake Frida alifariki mtoto hajaacha ziwa, na tangu siku hiyo mgongo uliombeba ulikuwa wa Generosa. Mpwapwa alimbeba akisonga ugali wa wanachuo, akimfulia nepi kwenye karai la jikoni. Maswali yote yale ya wazimu na chumvi yalikuwa ya kupiga chenga swali hili moja, na sasa limeulizwa.

"Mwiteni binti," akasema.

Frida akaingia. Akapiga goti, akampa Brighton mkono, akaubana hadi kijana akakunja uso.

"Huyu mgeni tumpokee, au aende zake?"

Kwa desturi binti hujibu neno moja, kisha hukimbilia ndani huku wanawake wanapiga vigelegele. Mabinti wa kuazima mlangoni walishaweka midomo tayari. Frida akajua kwamba akilisema hilo neno moja na kukimbia, Brighton ataondoka na habari za jamvi, za Frida hana. Akainua macho. Hakumtazama mgeni, alimtazama Shangazi.

"Mpokeeni," akasema, na hakukimbia. "Nataka kwenda, Shangazi. Yale mawe unayofunikia maharage, nataka kujua yametoka wapi, na kwa nini sehemu nyingine maji yanakaa chini yake na sehemu nyingine hayakai. Hapa nimeshamuuliza kila mtu. Naogopa. Naogopa nije nirudi nikukute kama yeye alivyomkuta mama yake. Lakini nikibaki nitakuwa nakutazama kila siku nikikulaumu, na mimi nakupenda, sitaki kukulaumu."

Vigelegele vikabaki midomoni. Brighton akakumbuka, kwa mbali, kazi iliyomleta.

"Na kasoro yako ni ipi?" akauliza taratibu.

Jibu la miaka miwili likampotea Frida. "Si ndiyo hiyo nimeisema," akajibu.

Shangazi akapenga kamasi kwa kanga. "Haya. Sasa mahari. Pesa hatutaki. Nataka blanketi. Na lisiwe la dukani kwa Kassamali, nataka la huyo mposaji mwenyewe, lililofumwa jina la ukoo wake. Lisipofika, binti haendi." Akajiegemeza ukutani, kifua mbele. Kila mtu alielewa anachofanya. Chuo gani duniani kinatuma blanketi?

"Nitafikisha kama ulivyosema," Brighton akajibu. Na alifikisha, neno kwa neno, pamoja na maelezo ya Frida. Mshenga ni mshenga, awe na suti au asiwe nayo.

Mvua zikanyesha, zabibu zikaiva, na siku moja Mwalimu Damyanti akaingia uani anakimbia, sari kaishika mkononi. "Wamekubali! Ufadhili wote! Wamekubali!"

"Wamekubali nini?" Shangazi akauliza, akiendelea kuchambua mlenda. "Wao ndio walioomba. Sisi bado hatujakubali."

Getini Kilele, mchoraji wa vibao alikuwa ameshapanda ngazi. Ilibidi akimbiziwe habari asimame. Akawa ameshaandika FRI, na FRI ikabaki pale juu peke yake, wazazi wakipita wakiuliza huyo ni nani.

Halafu posta wakaita. Shangazi alikwenda mwenyewe, akarudi na furushi kichwani, akalifungua katikati ya uani. Blanketi jekundu la sufu, zito, na nembo ya chuo imefumwa pembeni pamoja na jina lake lote. Akalitandaza juani. Akakagua kila mshono akitafuta kasoro. Akaligeuza, akakagua tena. Akamwita Kassamali, ambaye ameuza mablanketi maisha yake yote, naye akalipapasa, akatikisa kichwa, akasema kwa masikitiko, "Zuri, Mama Generosa. Halina neno."

Shangazi akasimama, akalikunja blanketi pembe kwa pembe kama mbeleko.

"Frida. Njoo. Panda."

"Nipande wapi, Shangazi?"

"Hukujua kuuliza ulipokuwa unanikojolea. Panda!"

Binti mzima wa kidato cha sita akaparamia mgongo, Shangazi akalizungusha blanketi, akakaza fundo kifuani. Miguu ya Frida iliburuza vumbi. Wakazunguka uani polepole, wakapita jiko, wakapita rundo la mawe, Frida akilia wazi shingoni mwa Shangazi, Castory amesimama mlangoni na koti lake.

"Wamwambie yule mtu wa ngazi amalizie jina," Shangazi akasema, anahema. "Upesi, kabla sijaghairi."