Kicheko cha Uweso

Picha ya marehemu Uweso iliyobaki duniani ni moja tu, nayo ni ya kitambulisho. Humo amekaza uso, kola imembana shingo, midomo kaifumba utadhani kaambiwa akiifungua atapigwa faini. Sasa hiyo si dhuluma, jamani? Fundi baiskeli aliyejulikana Ngamiani nzima kwa kucheka, kumbukumbu yake pekee iwe ya kununa! Mkewe, Mboni, kila alipoifuta vumbi alisonya. "Hata siku ile moja, ungetabasamu ungekufa?" aliiuliza, halafu akajutia neno hilo la kufa, akairudisha ukutani.

Uweso alikwenda kwa homa, binti yao Nasma bado ananyonya. Hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha spana zake, pampu ya baiskeli, na ile sifa ya kuchelewa kucheka. Watu wakisikia mzaha, wote wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanafuta machozi, wanaanza habari nyingine, Uweso katulia tuli. Anautafuna kwanza. Ukishasahau kabisa kilichokuchekesha, ndipo yeye anaanza, na akianza ni lazima na wewe uanze upya.

Basi Mboni akajipa kazi ya kumtunzia mtoto kicheko cha baba yake, maana cha kumpa kingine hakuwa nacho. Tangu Nasma anatambaa, mama akisikia jambo la kuchekesha alinyamaza kidogo, akainua kidole mtoto asubiri, kisha akaachia: "Hiii! Hii-hii-hii!" Kicheko chembamba, cha juu, na kofi la pajani juu yake. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka baba yako," humwambia. Nasma akakua nacho, akakipenda. Akiwa na huzuni alimwendea mama yake, "Mama, nichekee kibaba," naye Mboni akamchekea.

Cha Nasma mwenyewe kilikuwa kingine. Kilimtoka kifuani, kizito, na Mboni hakutaka kukisikia. "Mtoto wa kike unacheka kama dume la kupakua mizigo bandarini! Ziba mdomo, wachumba watakimbia!" Nasma akazoea kujiziba kwa ncha ya mtandio. Alipata mume, wakahamia Makorora, akawa mshonaji mwenye wateja wake, na mpaka leo kicheko kikimjia mkono unapanda wenyewe mdomoni.

Sasa, alasiri moja ya mwaka huu Nasma aliingia kwa mama yake hata viatu hajavua vizuri, simu mkononi.

"Mama! Wameirudisha! Uani Hapakaliki ipo Yutyubu!"

Mboni alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini taratibu.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Uani Hapakaliki ulikuwa mchezo wa kuchekesha wa televisheni, miaka ile televisheni yenyewe ilikuwa moja kwa mtaa mzima na mwenye nayo anaamkiwa hata na waliomzidi umri. Ulihusu Mzee Kifimbo, mwenye nyumba mkorofi aliyevaa ufunguo wa bafu shingoni, na wapangaji wake waliokosa raha. Waliucheza vijana wa maigizo wa Ngamiani, na waliurekodi uani kwa jirani ya Mboni, ukuta kwa ukuta. Mpiga picha, marehemu Mzee Luqmani, aliomba utulivu, akabembeleza, akatukana. Wapi! Majirani walikuja na mikeka, na mbuzi za kukunia nazi, na watoto mgongoni. Vicheko vya kubandika kama vya wenzetu wa Ulaya hawakuwa navyo, wala hawakuvihitaji, kwa kuwa mtaa ulicheka wenyewe palepale na kamera ikanasa. Uweso alikuwa hakosi. Tukio limekwisha, Luqmani ameanza tukio jingine la huzuni, mke wa Kifimbo analia machozi, mara kicheko cha Uweso hicho! Inabidi warudie. Mara ngapi Luqmani alimfukuza, na mara ngapi Uweso alirudi nyuma ya Mboni aliyebeba sahani ya vitumbua vya kumlainishia.

Mchezo ukaja ukakoma, kanda zikapotea, wachezaji wengi wakatangulia mbele ya haki. Kumbe Mudathir, mtoto wa Luqmani, alizikuta kanda darini akaanza kuzitia mtandaoni. Nasma alikuwa ameshasoma maoni yote. Kuna aliyeandika kutoka Maskati kwamba amecheka mpaka mwanawe kamletea maji. Kuna wa Pangani aliyesema ameona mlango wa bafu akalia. Kuna wa Mombasa aliyedai Mzee Kifimbo alikuwa mjomba wake, na chini yake wengine wawili wenye mjomba huyohuyo.

"Ile ya jamvi ipo?" Mboni aliuliza.

"Ipo, mama. Sijatazama hata moja, nimengoja tuitazame pamoja."

Ile ya jamvi! Mzee Kifimbo anamkimbia mke mkubwa, anajiviringisha ndani ya jamvi. Wanakuja vijana wa msibani kuazima jamvi la matanga, wanalibeba mabegani na mzee wao ndani. Wanafika mlangoni, jamvi linapiga chafya. Siku ile Uweso alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Mboni alikuwa pembeni yake, na kama kuna mahali popote duniani kicheko kile kimehifadhiwa, basi ni hapo baada ya chafya.

"Leo utamsikia," alimwambia binti yake. "Leo hutasikia kwangu. Utamsikia mwenyewe."

Walikaa mkekani, simu wameiegemeza kwenye birika. Mzee Kifimbo akakimbia, akajiviringisha. Vijana wakaja na kofia zao, wakabeba. Nasma alimshika mama yake mkono. Jamvi likapiga chafya.

Kimya.

Si kicheko cha Uweso tu kilichokosekana. Hapakuwa na cha mtu yeyote. Vijana wanakodoa macho, jamvi linatikisika, na uani kumekufa ganzi kama wanaigizia makaburini. Wakarudisha nyuma, wakaongeza sauti, wakaitazama tena. Vilevile. Ndipo Nasma aliposoma maneno ya chini, na angejua asingeyasoma kwa sauti: "Sauti imesafishwa. Kelele za majirani zimeondolewa."

"Kelele!" Mboni alisimama. "Kelele? Huyu mtoto amemwita baba yako kelele?"

Alivaa baibui kinyume, akavua, akavaa tena. Hakungoja chai. Walichukua bajaji mpaka Makorora, na njia nzima Mboni alikuwa anapanga maneno ya kumchambua mtu.

Mudathir ana chumba anamohariri kanda za harusi. Kijana mpole, miwani, masikio makubwa kama ya baba yake. Alisimama alipomwona Mboni mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba. Umewapeleka wapi watu wangu?"

Maskini hakuelewa. Nasma akamweleza polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo kijana alivyozidi kunywea.

"Mama yangu, mimi nilidhani nafanya vizuri," alisema. "Baba mpaka anakufa alikuwa akilalamikia vile vicheko. Alisema majirani wa Ngamiani wamemharibia kazi yake ya maisha. Nikasema ngoja nimfanyie, nimtolee. Nimekesha nikizitoa zile kelele, moja moja."

"Na mimi nimezeeka nikizitafuta," Mboni alijibu.

Yale maneno aliyoyapanga kwenye bajaji hakuyatoa hata moja. Utamtukana vipi mtu aliyekuwa anampenda baba yake? Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akauliza kama zimepotea kabisa. Mudathir akasema kwenye kompyuta alishazifuta, nafasi haikutosha. Ila kanda yenyewe ya jamvi ipo. Tatizo imeshika ukungu. Akiipitisha kwenye deki, kompyuta itanasa palepale, lakini huenda ikapita mara moja tu, na huenda ikakatika katikati.

"Weka," Mboni alisema.

Akaisafisha kwa pamba, akapuliza, akasema bismillahi, akaisukuma ndani. Picha ikaja na mistari, ikatetemeka, ikatulia. Na sauti ikaja. Ee Mola wangu, ikaja! Kuku, mtoto anayelia, mwanamke anayemwita Kijakazi alete maji, mbuzi ya nazi inayokwaruza, mtaa mzima wa watu ambao wengi wao sasa wako chini ya udongo, wanapumua na kungoja. Mboni alifunika uso kwa viganja akabakisha masikio.

Jamvi likapiga chafya, na uani kukalipuka. Walicheka wale watu! Na juu ya vicheko vyote kimoja kikapanda, chembamba, cha juu: "Hiii! Hii-hii-hii!" Kikafuatwa na kofi la paja.

"Huyo!" Nasma aliruka. "Mama, baba huyo! Ni vilevile unavyocheka!"

Mboni alitoa viganja usoni. Kitu hakikukaa sawa. Uweso hawezi kucheka na wenzake, Uweso huchelewa. Akainua kidole, kama alivyokuwa akimwinulia Nasma utotoni. Vicheko vikapungua, watu wakapenga makamasi, wakatulia. Vijana wa msibani wakaendelea na maneno yao. Halafu, wakati hakuna tena aliyekuwa anacheka, kikaja kutoka pembeni kabisa. Kizito. Kinatoka chini kifuani, kinasitasita kama mtu anayesukuma gari lililokataa kuwaka, kisha kikawaka, kikanguruma, kikaujaza ule ua wote. Kigoda kikaanguka. Na sauti ya mwanamke kijana ikasema karibu naye kabisa, "Uweso wewe! Basi, unatutia aibu!" Na palepale mwanamke huyo naye akashindwa kujizuia: "Hiii! Hii-hii-hii!"

Deki ikakwaruza, ikasimama. Kanda ilikuwa imekatika. Mudathir alitazama kompyuta yake haraka, akatikisa kichwa kwamba imenasa, yote imo.

Mboni alikuwa amekaa kama aliyemwagiwa maji.

"Ni mimi," alisema. "Yule wa hii-hii ni mimi."

"Mama..."

"Miaka yote hii, mwanangu. Nilidhani nakupa kicheko chake. Kumbe chake kilinipotea, sijui lini, nikakupa changu nikiamini ni chake. Nimekulea kwa kicheko cha uongo." Na hapo alilia, akalia kwa sauti bila kumwonea haya kijana wa watu, kwa kuwa alimwona Uweso amekufa mara ya pili, na safari hii ni yeye aliyempoteza.

Nasma alimfuta machozi kwa mtandio wake. Kisha akamwomba Mudathir, "Kaka, irudishe pale kwenye chafya." Na Mudathir akairudisha kwenye kompyuta.

Chafya. Mtaa ukacheka. Mboni wa zamani akapiga paja. Kimya kikaja, kisha yule fundi baiskeli akaanza kunguruma. Mboni alifumba macho amsikilize vizuri, amshike safari hii asimtoroke tena. Alimsikiliza mpaka mwisho, mpaka kigoda, mpaka pale deki ilipokwaruza na Mudathir akabonyeza kuzima.

Mudathir alishaanza kuviringisha waya zake. Hapo ndipo chafya ya jamvi ilipomfikia Nasma. Ilianza na kusitasita kifuani, mabega yakamtikisika, halafu kikatoka, kizito, kinanguruma, watu wameshamaliza kucheka zamani. Na mkono wake ukapanda mdomoni na ncha ya mtandio, kama ulivyozoezwa.

Mboni alifumbua macho. Alimtazama binti yake kama hajawahi kumwona. Akakumbuka ziba mdomo zote: ya mezani, ya harusini, ile ya mbele ya wakwe. Alinyoosha mkono wake wenye makunyanzi, akaushika ule mkono wa Nasma, akauondoa mdomoni, akaubana mapajani pake usipande tena.

"Cheka, mama," alimwambia. "Cheka, usimzibe baba yako."