Medali ya Wenye Lugha Mbili

Ukumbi wa chakula wa sekondari ile haujawahi kunukia vizuri, na jioni ile ya mwezi Mei ulinuka sosi ya piza ya mchana iliyochanganyika na dawa ya kupigia deki. Nereida Solano alisimama mlangoni akaitazama meza iliyotandikwa kitambaa cha bluu. Medali zilikuwa zimepangwa safu tatu, kila moja na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Akasogea, akazipitia kwa macho kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akarudia kutoka kulia kwenda kushoto, maana mtu hata akishajua bado hujidanganya. Zilikuwa medali thelathini na moja, na jina lake halikuwepo hata kwenye moja.

"Nyota wetu huyo!" Bwana Whitcombe, mkuu wa shule, alimjia ameipanua mikono, tai yake ya njano ikining'inia. "Umewahi, safi sana. Kipaza sauti chako kiko kule nyuma, karibu na mashine ya soda. Wazazi wa kutafsiriwa wapo arobaini, wote wamepewa visikilizio."

"Ulisema utaona la kufanya," Nereida alisema.

"Nimeona. Nimeandika barua pepe, nimepiga na simu. Sheria ni ya jimbo, Nereida, mimi nani? Lakini na wewe leo umo kwenye sherehe, tena kwa namna ya pekee kabisa. Au siyo?" Akampigapiga begani, huyoo akaenda kusalimia watu wa magazeti.

Umo kwenye sherehe! Jumanne, huyu huyu mtu alikuwa amemwambia kwa mdomo wake, njoo Alhamisi ututafsirie, nami nitaangalia jinsi ya kulinyoosha suala lako. Akaja. Amevaa sketi aliyopigiwa pasi na mama yake. Na mama yake hajui lolote, kwa sababu Nereida alijiambia kwamba haina maana kumliza mtu kwa jambo ambalo huenda likanyooka.

Na jambo lenyewe, ukilisikia, utatamani kutema mate.

Nereida alipoanza shule ya watoto wadogo, miaka kumi na mitatu iliyopita, mama yake alipewa fomu yenye swali: mtoto huyu anaongea lugha gani nyumbani? Mama Eufrosina ni mtu mkweli. Akamwomba jirani amwandikie lugha ya kwao Meksiko: Kimixteko. Basi. Tangu siku hiyo jina la mtoto likaingia kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza, na humo halikutoka tena. Alikijua Kiingereza, akakijua na Kihispania, akaanza kuwasahihishia wenzake insha, kwenye orodha yumo tu. Wa kwenye orodha ile hapati medali ya lugha mbili mpaka afaulu mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka sehemu zote nne: kusoma, kuandika, kusikiliza, kuzungumza. Mwaka jana alikosa alama mbili za kuandika. Mwaka huu kuandika alipata, kusoma alipata, kusikiliza alipata.

Kuzungumza ndiko kulikoharibika. Ilikuwa mwezi wa tatu. Ameketi na msimamizi katika chumba kidogo cha maktaba, wako swali la pili, spika ya ukutani ikakoroma: Nereida Solano, ofisini tafadhali, sasa hivi. Msimamizi akakunja uso. Simu ikaita, alikuwa Bi Pruitt, katibu wa shule. "Mwachie dakika kumi tu, atarudi amalizie. Nina bibi hapa analia, na sielewi hata neno moja."

Alikwenda. Yeyote wa kijiji cha Santa Inés angekwenda. Kule kijijini walikotoka wazazi wake kuna tequio, kazi ya wote: barabara ikibomoka au paa la kanisa likivuja, unaitwa unakwenda, na hakuna anayeuliza nitapata nini. Mama yake alimlea hivyo hivyo huku Kalifornia, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye familia tatu. "Akikwama mtu wa kwetu, unakwenda. Hiyo ndiyo tequio yako, mwanangu. Wengine wana mabega, wewe una mdomo." Kwa hiyo tangu ana miaka saba amekuwa akienda: zahanati, mahakamani, kwa mwenye nyumba, na tangu aingie sekondari, ofisini kwa Bi Pruitt, ambaye aliligundua jambo hilo mapema na akalitumia kama bomba la maji.

Dakika kumi zikawa saa nzima na robo. Aliporudi maktaba, msimamizi alikuwa ameshafunga mkoba. Mwezi wa nne majibu yakaja, na kwenye mstari wa kuzungumza hapakuwa na alama. Palikuwa na maneno mawili: Mwanafunzi hakujibu.

Hakujibu! Saa ile ile aliyoandikiwa hivyo alikuwa hatua hamsini kutoka pale, akikauka koo kwa kuongea. Akaenda kwa Bi Pruitt na karatasi ile mkononi. Bi Pruitt akaisoma, akavuta midomo, akasema, "Pole mpenzi, ungemwambia msimamizi akusubiri." Kisha, wallahi, bila hata kuvuta pumzi: "Halafu kesho saa nne unaweza kunipitia? Kuna baba mmoja anakuja."

Sasa yuko hapa karibu na mashine ya soda, inayonguruma kama ina kifua. Akavaa kipaza sauti. Wazazi wa Kimixteko walikuwa wamekalishwa nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki, wengi wametoka moja kwa moja kwenye mashamba ya stroberi, wamenawa uso lakini kucha bado nyekundu. Mama yake alikuwa safu ya pili kutoka nyuma, kwenye blauzi yake ya kutarizi ambayo hutoka sandukuni kwa harusi tu. Miguuni ameweka sufuria ya tamale, mikate ya mahindi ya kwao, iliyofungwa kitambaa. Alimwona binti yake akampungia simu: tazama, nimeichaji, nitakupiga picha.

Nereida akageuza uso.

Bwana Whitcombe akaanza. "Lugha ni hazina," alisema.

"Anasema lugha ni hazina," Nereida alisema kwa Kimixteko ndani ya masikio arobaini.

"Lugha ni daraja."

"Sasa anasema ni daraja."

"Shuleni kwetu tunaipa heshima kila lugha, na kila nyumba inakotoka."

Hilo lilimkwama. Mbele kule, kwenye kiti cha wageni, Bi Pruitt alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa uchaji kama yuko kanisani, na Nereida akamwangalia.

"Anasema wanaheshimu kila lugha," akasema hatimaye. "Sasa anakunywa maji. Ameyamwagia kwenye tai."

Kicheko kidogo kikapita kwenye safu za nyuma. Bwana Whitcombe akatabasamu akidhani kwamba ucheshi wake umefika, ingawa hakuwa amesema ucheshi wowote.

Yakaja majina. Wa kwanza alikuwa Brielle Hathcock, msichana mpole ambaye Nereida hakuwa na ugomvi naye. Brielle alikuwa amekaa wiki sita Hispania mwaka jana, na katika mtihani wa Kihispania Nereida alimpita kwa alama ishirini. Akavishwa medali, wazazi wake wakasimama wakapiga vigelegele. "Brielle Hathcock," Nereida alitaja kwa upole, maana ndiyo kazi. Wakafuata wengine. Osvaldo Quiroz, rafiki yake wa tangu darasa la pili, alipovishwa ya kwake hakuinua macho. Aliishika mkononi akaificha chini ya shati wakati anarudi kukaa.

Jina baada ya jina aliyatia sikioni mwa mama yake. Kila alipofungua mdomo alimwona mama akijivuta mbele kidogo kwenye kiti, simu imeinuliwa, kisha akiishusha. Akiinua, akishusha. Ishirini. Ishirini na tano. Mama Eufrosina alikuwa na tabasamu la mtu anayejua kwamba cha kwake kinakuja mwishoni kwa sababu ni kikubwa. Thelathini. Thelathini na moja, makofi, na kitambaa cha bluu mbele ya ukumbi kikabaki kitupu.

Mama alikuwa amesimama nusu. Aliitazama meza, akamtazama mkuu, akageuka nyuma akamtafuta binti yake kwa macho. Hakutoa sauti, lakini midomo yake ilisomeka kutoka kule: "Na wewe?"

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Kaa mama," Nereida alisema. "Wamemaliza. Mimi simo."

Vichwa arobaini viligeuka. Kule mbele hakuna aliyegundua. Walikuwa wanapiga picha. Angeweza kuzima kifaa hapo. Lakini sauti ilishatoka na ikakataa kurudi.

"Wanasema sijui kuzungumza. Imeandikwa kwenye karatasi, mwanafunzi hakujibu. Siku ya mtihani niliitwa ofisini nikamtafsirie mtu, wakanihesabia kama nimekaa kimya. Nilimwambia mkuu, akasema atalitazama kama nitakuja leo kuwatafsiria. Nimekuja. Nimewatafsiria. Ndiyo hivyo." Kisha akaongeza, "Nisamehe mama. Ilinipasa kukwambia nyumbani. Niliona aibu."

Hakusema alimtafsiria nani. Ila katika safu ya nyuma kabisa Bibi Cástula, kikongwe asiyefika begani kwa mtu, aliinuka taratibu akishikilia kiti cha mbele yake.

"Ni mimi," alisema kwa sauti, bila kipaza sauti. "Ilikuwa siku ile ya mjukuu wangu, walipotaka kumfukuza shule. Huyu mtoto alikaa na mimi mpaka mwisho. Mbona hukuniambia una mtihani, wewe mtoto? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia, bibi."

"Kulia kwangu kungesubiri!"

Akatoka kwenye safu. Akatembea na ndala zake katikati ya ukumbi, katikati ya maputo na kamera, mpaka kwenye meza ya bluu. Akavua kisikilizio sikioni, akakiweka juu ya kitambaa, pale zilipokuwa medali, akageuka. Nyuma yake akaja mwanamume mwenye kofia ya mkulima. Naye akaweka. Wakafuata wawili, wakafuata watano. Si wote, wengine waliinamisha vichwa wakabaki, wana watoto wadogo ambao bado watakuja kusoma pale, nani atawalaumu?

Bwana Whitcombe alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. "Nereida!" akaita kwa mkono. "Wanarudisha mapema. Waambie bado! Waambie kuna keki!"

Nereida alivua kipaza sauti akaja mbele. Wakakutana mezani: mkuu upande mmoja, na upande wa pili Mama Eufrosina, aliyefika na sufuria yake mkononi kwa sababu hakujua aiache wapi. Macho ya mama yalikuwa mekundu lakini hakuwa analia. Alimtazama binti yake kwanza.

"Nilikufundisha vibaya," alimwambia.

"Hapana mama."

"Nilikufundisha vibaya. Kwenye tequio wote hushika jembe. Hawa waliwahi kushika nini?"

Kisha akamgeukia mkuu. Mama Eufrosina ana Kihispania cha kutosha cha sokoni na cha shambani, na angeweza kukitumia. Hakukitumia. Aliongea kwa Kimixteko, taratibu, akimtazama machoni, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwanangu amewasemea nyinyi tangu ana miaka saba," alisema. "Kila mlipotaka kutuambia neno, mlilipitisha kwenye mdomo wa mtoto huyu. Leo nataka unijibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kwa nini hana medali?"

Akasubiri. Safu baada ya safu, watu walikuwa wameanza kugeuka. Hata Brielle alikuwa amesimama na kipande cha keki mkononi bila kukila. Bi Pruitt alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake ambacho hakikuwemo.

Bwana Whitcombe aliinamisha kichwa kwa heshima mara tatu, jinsi alivyofundishwa kuwainamishia vichwa wazazi. Kisha, kwa tabasamu lile lile na mazoea ya miaka yote, akamgeukia Nereida.

"Anasema nini?"

Nereida alimtazama. Akatazama doa la maji kwenye tai ya njano, akatazama visikilizio vilivyolundikana kwenye kitambaa cha bluu. Akampokea mama yake sufuria, maana ilikuwa nzito.

"Nereida? Mama yako anasema nini?"

Mwanafunzi hakujibu.