Buni Uwanjani

Mzee Filemón alikuwa ameanika buni yake uwanja mzima wa mpira wa kikapu, kutoka goli hadi goli. Kila msimu ndivyo ilivyokuwa katika kijiji hicho cha milima ya Oaxaca, maana saruji ya kuanikia ilikuwa hiyo moja tu. Lakini yeye ndiye pia aliyesimamia mashindano ya sikukuu ya Kandelaria, na orodha ya timu ilikuwa ifungwe saa sita mchana huo.

"Timu ambayo sijaiona ikifanya mazoezi hapa siiandiki," alisema.

"Wavulana uliwaona kabla hujaanika," alijibu Eulalia, binti wa miaka kumi na tano, wasichana wenzake watatu wakiwa nyuma yake.

"Basi njooni mwakani. Mpira juu ya buni yangu ni marufuku."

Eulalia akavua viatu. Akakunja magoti, akatanua mikono kama anayemzuia mpinzani, akaanza kuburuta nyayo kiubavu katikati ya buni. Alikopita, punje zilibaki zimegeuka. Wenzake wakamfuata.

"We binti! Kahawa yangu!"

"Tunakugeuzia, mzee. Au unataka ivunde?"

Filemón akatazama jua. Buni ile ilipaswa kugeuzwa tangu saa tatu.

Rufina, binamu yake Eulalia, alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake. Bila yeye timu haikutimia watu watano.

"Msinitazame. Mbio siwezi, nitawaaibisha."

"Nani kakuambia ukimbie? Geuza kahawa."

"Kwani hapo mnageuza? Mnaitawanya tu!"

Rufina akashindwa kuvumilia. Tangu ana miaka sita alikuwa akigeuza buni ya mama yake kwa miguu. Akaingia, kiuno chini, akaenda goli hadi goli mara nane. Wenzake waliposhika viuno wakihema, yeye aliwazomea: "Mmechoka, nyie mabibi?"

Filemón akatazama saa. "Hayo si mazoezi. Mpira uko wapi?"

"Umeukataza wewe," Rufina akamjibu, jasho likimchuruzika.

Eulalia akaenda kwenye ubao wa mashindano, akachukua chaki, akaandika majina matano, la Rufina kwanza.

"Haya, futa."

Kitambaa cha kufutia kilining'inia pale pale. Mzee akakitazama, asikiguse. Kisha akaitazama buni, mistari yake imenyooka kuliko alivyowahi kuipanga mwenyewe.

"Saa nane igeuzwe tena," alinung'unika.

"Saa nane tunakuja na mpira," Eulalia akasema. "Buni isogeze upande mmoja."