Tarishi Miguuni pa Shangazi

Saa nne asubuhi muuguzi Mama Pazia aliingia wodini na sinia la dawa, akamkuta paka Tarishi amejikunja miguuni pa shangazi yake. Sinia likamponyoka, vidonge vikabiringika hadi chini ya vitanda vya wazee wengine, wala hakuinama kuviokota.

Tarishi alikuwa paka wa makao yale ya wazee, wa kijivu, mvivu kupita kiasi, panya akipita anampisha. Lakini kwa jambo moja aliheshimiwa kuliko daktari: mzee akilaliwa na Tarishi miguuni, hamalizi wiki. Kumi na mmoja walikuwa wamekwenda hivyo katika miaka miwili. Utaratibu aliuweka muuguzi huyu, na ndiko alikopatia jina lake la utani. Paka akishalala, pazia linavutwa kuzunguka kitanda, ndugu wanapigiwa simu, chakula kinasimamishwa. Mgonjwa analoweshwa midomo kwa pamba tu, asisumbuliwe, aende salama. Wenzake walimsifu kwa huruma yake, naye, tuseme kweli, sifa hizo hazikumkera.

Sasa zamu ilikuwa ya shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Jana tu bibi huyu alikuwa akimtania mpishi kwamba supu yake inafaa kuoshea vyombo. Leo kalala, kinywa wazi, na paka juu yake. Mama Pazia alivuta pazia, akaketi kitandani, akalia kama mtoto. Akatoa simu ampigie kaka yake. Namba akaikosea mara tatu.

Pazia likafunuliwa. Alikuwa mama mfuaji, kapu la mashuka kiunoni. Akaomba radhi, akasema amefuata chupa yake kabla haijapoa.

"Chupa gani?"

Mfuaji akasita, maana chupa hizo alizipiga marufuku Mama Pazia mwenyewe, tangu mzee mmoja alipoungua kisigino. Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi, akamsukuma paka bila heshima yoyote, akatoa chupa ya mpira ya maji moto. Akaeleza kwamba kioo cha dirisha kimevunjika tangu juzi na shangazi alilalamika baridi. Kila mzee aliyemwambia miguu yake inaganda, alimwekea chupa kwa siri wakati wa kubadilisha mashuka.

"Usinisemee kwa mkuu, dada," akasema. "Na huyu paka ananichosha. Nikiiweka tu, keshapanda."

Tarishi alinusanusa pale palipokuwa na joto, akaruka chini, akaifuata chupa. Hakugeuka hata kumtazama shangazi.

Mama Pazia aliuliza kama wote kumi na mmoja waliwekewa. Mfuaji hakuwa amehesabu. Ila marehemu fundi saa wa kitanda cha tisa, ndiyo, huyo alimwekea kila siku, hata baada ya pazia kuvutwa, kwa sababu alimwonea huruma. Akajitwika kapu lake akaenda zake.

Mama Pazia alijaribu kujitetea moyoni. Wengi wao walikuwa njiani kweli, mwili unapozimika miguu ndiyo hutangulia kupoa, hilo analijua kila muuguzi. Alilishikilia wazo hilo kwa mikono miwili. Lakini fundi saa alikuwa akitembea kwa mkongojo wake hadi bustanini, mpaka siku ile paka alipompandia kitandani.

Shangazi akafumbua macho. Akalitazama pazia pande zote, na maana yake aliijua, kama kila mzee wa pale alivyoijua. Akamshika Mama Pazia mkono.

"Mwanangu, nina njaa. Kwani leo hatuli?"

Siku ya tatu nyuma ya pazia, fundi saa naye alimshika mkono hivi hivi, akaomba supu. Mama Pazia alidhani anaweweseka. Akamlowesha midomo kwa pamba, akamwambia apumzike.