Ganda Lenye Namba ya Zamani

Rusty Kubena alifungua kopo la plastiki lililokuwa juu ya friza, mdomo umejaa andazi la kolache, na kolache ikagoma kushuka.

Risasi zilizokuwamo zilikuwa nyembamba. Zote. Hizo zilikuwa za mama mkwe wake. Zile nene, zake yeye, pamoja na kopo lake, hazikuwepo. Na mama mkwe hakuwepo. Na bunduki ya mama mkwe haikuwepo.

"Hapana," akaiambia friza. "Hapana, hapana, hapana."

Gereji ile ilikuwa na bunduki mbili za kujipakia zenyewe, zimefanana kama mapacha, hata magazini zake, vile visanduku vya risasi, zinaingiliana. Tofauti ilikuwa kwenye mtutu. Wa Rusty ulikuwa mpana, wa risasi yenye kichwa kizito, inayomlaza nguruwe dume palepale aliposimama. Wa Mama Earlene, mama mkwe wake, ulikuwa mwembamba. Risasi ya Rusty ikilazimishwa humo haina pa kutokea. Baruti inawaka, kichwa kinakwama, moto unatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni usoni kwa aliyeshika.

Haya Rusty aliyajua vizuri, maana ndiye aliyezijaza kwa mkono wake, moja moja. Na kwa ubahili wake hakununua maganda ya risasi. Aliokota yale membamba ya mama mkwe, akayafupisha, akayapanua mdomo, akapata maganda manene ya bure. Kasoro ilikuwa moja tu: kitakoni yalibaki na mhuri wa namba ya zamani, ya risasi nyembamba. Kitabu cha kujaza risasi kilisema yapakwe rangi ili yajulikane. Rusty alisema kesho. Kesho yenyewe ilikuwa imetimiza wiki mbili.

Sasa Mama Earlene alikuwa karani wa hati za ardhi kwa miaka thelathini. Chenye mhuri kwake ni kweli. Kisicho na mhuri ni porojo za Rusty.

Akampigia simu. Ikaita jikoni, kando ya mkate.

Rusty alitoka na soksi tu, bila viatu. Pikapu ikaruka kizingiti cha vyuma cha kuzuia ng'ombe, ikashika njia ya vumbi kuelekea shamba la karanga la mama mkwe, lililovamiwa na nguruwe mwitu, mkono wa Rusty ukiwa umelala juu ya honi. Nguruwe wakikimbia, Mama Earlene hatakuwa na cha kupiga. Kimbieni, enyi wapumbavu, akaomba. Wiki nzima mmemlia mwanamke wa watu karanga, leo tu nawaomba, kimbieni.

Alikuwa langoni mwa shamba aliposikia.

Haukuwa mlio wa bunduki. Bunduki ya mama mkwe hulia kama ubao unaovunjika. Huu ulikuwa mzito, kama mlango wa tanuri uliopigwa teke kutoka ndani. Baada yake hakukuwa na kitu, hata ndege.

Alimkuta ameketi chini, ameegemea robota la nyasi, kofia haipo, mikono mapajani kama yuko kanisani. Bunduki ilikuwa majanini, ubavu umefura na kupasuka, magazini imesambaa vipande vipande. Shavu lake lilikuwa jeusi. Mkono wa kushoto ulikuwa mwekundu.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Usininong'oneze!" akafoka Mama Earlene. "Sema kama mwanamume!"

Rusty alikuwa akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

Lenzi ya kulia ya miwani ya Mama Earlene ilikuwa imepasuka nyufa tupu. Rusty aliivua kwa vidole viwili, mwenyewe amefumba macho. Akafumbua moja. Chini ya lenzi palikuwa na jicho la buluu, zima, likimwangalia kwa dharau ileile ya siku zote. Nusura alibusu.

"Vidole viko vitano?"

"Hesabu wewe. Si ulisoma?"

Akahesabu mara mbili. Viwili vilichanika vibaya, lakini vyote vilikuwepo. Akavua shati, akavifunga.

"Lile duka la bunduki litanitambua," Mama Earlene alisema, sauti juu. "Hii bunduki naisafisha kuliko mkeo Jolynn anavyosafisha nyumba yenu. Dume lilikuwa pale, Rusty, kubwa kama sofa. Risasi ikagoma kuingia, nikaisindikiza kwa kiganja, ikakubali. Nikafyatua. Bunduki mbovu! Wameniuzia bunduki mbovu!"

Hapo Rusty angeweza kunyamaza tu. Duka lingelaumiwa, na yeye angekuwa mkwe aliyekuja mbio na soksi.

"Si bunduki, Mama."

"Nini?"

"Si bunduki!" Shamba zima likamsikia. "Ni risasi! Zile ni zangu! Ni mimi!"

"Nilisoma kitakoni. Namba ni yangu. Nilisoma na miwani."

"Namba ni ya zamani! Nilikata maganda yako nikatengeneza yangu! Sikuyapaka rangi!"

Akangoja matusi. Mama Earlene alikuwa na matusi ya nywele zake, ya pikapu yake, ya namna anavyotafuna. Badala yake akautazama mkono uliofungwa shati kana kwamba ameletewa wa mtu mwingine.

"Nilisoma," akasema tena, taratibu. "Ilikuwa na mhuri."

Tusi lingekuwa nafuu. Rusty aliketi majanini kando yake.

Jioni, baada ya Jolynn kumshona mama yake nyuzi tisa huko zahanati anakofanya kazi, Mama Earlene aliweka kiti katikati ya gereji.

"Zimebaki ngapi?"

"Mia mbili themanini."

"Fungua. Zote. Nikiona."

Nyundo ya kazi hiyo ni ya plastiki. Risasi inafungiwa ndani yake, unagonga juu ya gogo, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika bila madhara.

"Haiwezi kulipuka, Mama."

"Hata ile ya asubuhi haikuweza."

Rusty akainua nyundo, akagonga. Wote wawili wakaruka. Akamwaga baruti kwenye kopo, akafungia nyingine, akagonga. Wakaruka tena. Jolynn alipochungulia mlangoni walikuwa wamefika ya arobaini na moja, hawajazoea, na Mama Earlene alikuwa ameshika ukosi wa mkwe wake kwa ule mkono mzima, kila nyundo inaposhuka anamvuta nyuma.