Ukuta Alioegemea Bwana Mdogo

Kila mchana, akishamaliza kula, Bwana Mdogo alitakiwa kutulia. Mbwa wa umbo lile hakimbizwi na shibe. Tumbo lake ni kubwa, linaweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa, na likishajisokota hakuna dawa ya nyumbani. Kwa hiyo alikula polepole kutoka kwenye beseni lililopandishwa juu ya stuli, akafutwa udenda kwa kipande cha kitambaa cha kochi, kisha akaenda kuegemea ukuta mpaka chakula kishuke.

Mwenye mbwa alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikaa na mkewe, binti yao na mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi, hata Fundi mwenyewe alipokuwa amechoka. Mbwa walimpata kwa mama mmoja muuza dawa. Mama huyo alileta kochi lililotafunwa mikono yote miwili, na alipokuja kulichukua alileta pia kosa la mbwa wake jike aliyelitafuna, mtoto wa mbwa, limefungwa kwenye kanga, limelala.

“Msimkadirie kwa mwili,” alisema. “Mkadirieni kwa miguu.”

Walitazama miguu. Ilikuwa kama ya kitanda. Wakampa jina la Bwana Mdogo wakitumaini jina litamzuia, lakini jina si kizuizi. Kabla hajatimiza miaka miwili, kichwa chake kilikuwa kinafika juu ya meza ya chakula bila yeye kujinyoosha, na Fundi alikuwa ameshamshonea godoro la sponji ngumu, ile ya makochi ya ofisini, kwa sababu mbwa mzito akilala sakafuni huota sugu viwikoni.

Tabia yake moja ndiyo iliyowasumbua. Mbwa wa namna hii akimpenda mtu humwegemea. Huja kimya, hugeuza ubavu, hukuachia uzito wake wote, kisha hutazama pembeni kama mtu anayesubiri gari. Alimwegemea mke wa Fundi jikoni, sufuria ikamwagika. Alimwegemea binti, binti akaingia kwenye kabati. Siku aliyomwegemea Bibi, kiti cha magurudumu kiliserereka uani na Bibi akiwa juu yake, kikasimama kwenye pipa la maji.

“Ananipenda,” alisema Bibi pale penye pipa. “Lakini mapenzi mengine yana breki.”

Basi binti akamfundisha. Kila mbwa alipotaka kuegemea mtu, binti alisema “Ukuta,” akamwongoza mpaka kwenye ukuta wa mpaka, na alipoegemea huko akapewa kipande cha nyama kavu. Alikuwa mwanafunzi mwepesi. Mapenzi yote aliyokuwa akiyagawa nyumbani akayahamishia kwenye ukuta.

Ukuta wenyewe haukuwa wao. Ulikuwa wa jirani, mtu aliyewahi kuongoza kamati moja ya mtaa. Kamati ilivunjwa zamani, ila cheo kiligoma kuondoka, na watu waliendelea kumwita Mwenyekiti. Aliujenga wakati baba yake Fundi alipokuwa amelazwa na familia nzima inashinda hospitali. Waliporudi waliukuta umesimama, umepakwa rangi, ukiwa ndani ya kiwanja chao. Mgonjwa aliuliza. Mwenyekiti akajibu kwamba saruji imeshakauka. Baba yake Fundi alikuwa mtu wa amani. Alisema mwenye nguvu mpishe, akaingia ndani, na hakuishi sana baada ya hapo.

Kati ya nyumba na ukuta ukabaki ujia mwembamba. Karakana ilikuwa uani, kwa hiyo Fundi alijifunza kutengeneza makochi ya watu watatu kwa nusu mbili na kuziunganisha barabarani, juani na mvuani. Hilo alilizoea. Asilolizoea ni la mama yake. Chumba cha Bibi kilikuwa uani, kiti chake hakikupita ujia, na njia ya kupitia ndani ya nyumba ilikuwa na ngazi. Kwa miaka kadhaa Fundi alimbeba mgongoni kumpeleka barabarani aketi na wenzake, aone nani kanenepa na nani kahama. Kisha mgongo wa Fundi ukakataa. Tangu hapo Bibi aliijua barabara kwa sauti tu.

“Hapa kilipita kitanda changu cha ndoa,” alizoea kusema akiutazama ujia. “Kilipita kilivyo, bila kuinamishwa, na waliokibeba walikuwa wanene.”

Fundi ndiye aliyegundua. Alitembea na futikamba shingoni kama wengine wanavyotembea na saa, na asubuhi moja alipokuwa akipitisha nusu ya kochi aliona vidole vyake havikuchubuka. Akapima. Akapima tena kwa chini. Akaenda jikoni.

“Ukuta umesogea,” alimwambia mkewe.

“Upande gani?”

“Wa kwake.”

“Basi tule kwanza,” alisema mkewe.

Mchana ule walitazama. Bwana Mdogo alikula, akafutwa mdomo, akaenda kugeuza ubavu. Aliegemea, akatazama pembeni. Ukuta ulikwenda taratibu, pamoja na msingi wake, bila ufa wala kishindo, na kule ng’ambo maua ya Mwenyekiti yaliyokuwa yamepandwa chini yake yakasogea kwa mpangilio uleule. Bandu bandu. Alipochoka, mbwa alikwenda kulala kwenye sponji yake.

Baada ya majuma machache Mwenyekiti alikuja kugonga. Gari lake lilikuwa limeanza kukwaruza kioo cha pembeni kila alipoliegesha.

“Fundi, mbwa wako anausukuma ukuta wangu.”

“Hasukumi, Mwenyekiti. Anaegemea.”

“Kuna tofauti gani?”

“Anayesukuma hutoka jasho.”

Mwenyekiti alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama Mwenyekiti, akavutiwa naye, akaanza kugeuza ubavu. “Ukuta,” alisema binti haraka, na mbwa akatii. Ukuta ukaenda kidogo mbele ya macho ya mwenyewe.

“Unaona,” alisema Mwenyekiti.

“Naona,” alijibu Fundi. “Ndiyo saa yake.”

Kesho yake Mwenyekiti alileta waashi wanne. Walikuwa vijana wenye vifua. Waliweka mabega ukutani upande wa pili, wakasukuma asubuhi nzima kwa wimbo, na ukuta haukujali. Mchana Bwana Mdogo alimaliza kula, akaenda mahali pake. Waashi walionekana vichwa tu, wakirudi nyuma polepole pamoja na ukuta, bado wakiwa wameuwekea mabega. Mmoja wao alimwamkia Bibi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Angalia mawaridi nyuma yako.”

Siku kiti cha magurudumu kilipopita, hakuna aliyetoa hotuba. Mke wa Fundi alimfunga Bibi kilemba kizuri, binti akakisukuma kiti, na magurudumu yakapita katikati ya nyumba na ukuta na nafasi ya mkono ikabaki kila upande. Mbwa alitangulia. Barabarani Bibi alikaa mpaka jua lilipopoa. Aliporudi alikuwa na habari nyingi, baadhi zikiwa za watu waliokufa zamani ambao alidai walipita kumsalimu na wanaendelea vizuri. Akaomba chai.

Mbwa aliendelea kuegemea na ukuta ukaendelea kwenda, mpaka siku moja ukagoma. Chini yake, upande wa nyumba ya Fundi, kilitokeza kichwa cha jiwe la mpaka, jiwe lenyewe lililowekwa na serikali siku kiwanja kilipogawiwa. Miaka yote hiyo lilikuwa limelala uani kwa Mwenyekiti, limefukiwa, juu yake pakiwa na mawaridi. Ukuta ulisimama sambamba nalo kama mtoto aliyeitwa jina lake. Bwana Mdogo aliegemea siku nyingine nzima, haukwenda hata unywele.

Mwenyekiti alipoona umesimama alidhani ameshinda, akamleta mpima ardhi. Mpima alikuwa mtu mpole mwenye kofia pana. Alivuta kamba, akapiga magoti penye jiwe, akafuta udenda uliokuwa juu yake, akasoma namba.

“Ukuta uko sawa na jiwe,” alisema.

“Sikukuita uje kutafuta mawe,” alisema Mwenyekiti.

“Zamani ukuta ulikuwa wapi?” aliuliza mpima.

Fundi alimwonyesha. Mpima alipima nafasi iliyokuwa imekombolewa, akanyanyua nyusi kidogo, akafungua ramani juu ya kifuniko cha pipa. “Hapa kuna tatizo dogo. Kwa jiwe, ukuta umefika kwake. Kwa ramani, umepotea. Ramani ilichorwa upya kufuata ukuta ulipokuwa.”

“Si uirekebishe ramani,” alisema mke wa Fundi.

“Naweza, mama. Lakini sharti mwenye ukuta akubali kwa sahihi yake kwamba ulikuwa umevuka.”

Wote walimgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa.

“Nitalifikiria,” alisema.

“Mwenye nguvu mpishe, Mwenyekiti,” alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake, akimkuna mbwa nyuma ya sikio. “Marehemu alikupisha wewe. Sasa wewe mpishe huyu.”

“Nimesema nitalifikiria, mama.”

Mbwa wakubwa hawakai. Wanaharakisha kukua na wanaharakisha kuzeeka, kana kwamba umri wao nao una uzito. Bwana Mdogo aliota mvi mdomoni wakati binti bado anamwita mtoto. Viuno vikalegea. Fundi alimshonea mkanda mpana kwa utepe wa kushikia springi za makochi, wenye vishikio viwili, na kila asubuhi yeye na binti walimnyanyua kwa tumbo mpaka miguu ya nyuma ikumbuke kazi. Viungo vyake walivikanda kwa mafuta yaleyale aliyokandwa Bibi, na jioni wawili hao walinukia namna moja. Lakini mchana, akishakula, alikwenda ukutani mwenyewe bila mkanda.

Alifia hapohapo, amesimama, ameegemea. Waligundua pale udenda ulipokauka. Walimzika kwenye kipande cha ardhi alichokirudisha, na shimo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wapita njia waliuliza kama wanajenga kisima. Mwenyekiti alituma pole.

Majuma kadhaa baada ya mazishi, binti alikuwa akimtoa Bibi kwenda barabarani, gurudumu likagusa ukuta. Kesho yake likakwaruza. Fundi akapima, akaona ukuta unarudi, upana wa kidole kwa siku, bila haraka. Ulikuwa unaifuata ramani. Jiwe lilikuwa limeshazama chini yake.

Fundi alimaliza chakula chake, akanawa, akaenda kusimama mahali palipobaki alama ya ubavu wa mbwa, laini na yenye kung’aa, akageuza mgongo, akaachia uzito wake wote. Ukuta ukatulia. Mgongo wake mbovu ulipata nafuu kidogo, jambo ambalo hakulitegemea. Alipochoka mkewe alishika zamu. Baada yake binti. Walikuta kwamba wote watatu pamoja, wakiegemea bila kusukuma, wanaweza kuurudisha mpaka kwenye jiwe kwa mchana mmoja, na kisha mtu mmoja anatosha kuushikilia.

Mwenyekiti alisikia pumzi zao kutoka upande wake.

“Mtachoka,” alisema kwa upole, asionekane.

“Sisi tuko kivulini,” alijibu Bibi. “Umeshafikiria?”

“Bado nalifikiria.”

Kabla ya masika mama muuza dawa alileta kochi lingine lililotafunwa, na kanga nyingine. Walitazama miguu. Binti alimweka mtoto wa mbwa chini, naye akazunguka ua, akanusa jiwe, akanusa alama iliyong’aa, akageuza kiubavu chake na kuegemea ukuta.

“Mtoeni hapo,” alisema Bibi. “Mifupa yake bado laini. Mbwa wa namna hii habebeshwi kazi mpaka akomae, mtamharibu viuno.”

Binti akamnyanyua. Bibi alikuwa ametoka barabarani sasa hivi, kilemba bado kichwani. Alimwambia mwanawe akale, zamu ni yake. Fundi akakigeuza kiti, akakisogeza nyuma mpaka mgongo wa kiti ukagusa ukuta penye alama ile, akakaza breki. Bibi akajinyoosha, akaachia uzito wake wote, akatazama pembeni.

Mtoto wa mbwa alikuja na kumwegemea mguuni. Kiti hakikwenda popote.